Pini Yenye Ufa

Leo, ndugu zangu, nitawalaza chali chini ya gari. Akina mama mliovaa vitenge vipya msihofu, oili ya mahubiri haichafui nguo. Na ninyi vijana wa gereji mlioketi pale dirishani, nikikosea jina la kifaa nivumilieni, mtanirekebisha nje. Nimeelezwa mambo haya na mtu anayeyajua, na tangu anieleze nimekuwa natembea nikistaajabu peke yangu, mpaka mama mchungaji ameniuliza kama naumwa.

Haya. Alikuwepo fundi mmoja wa kujenga nyumba, mlimani kama huku kwetu, penye kona na mashimo. Mtu hodari. Ukuta akiujenga yeye, mvua inyeshe inavyotaka, unasimama. Lakini alikuwa na tabia moja. Haingii nyumba ya mtu bila kukagua kuta. Unamkaribisha chai, yeye macho yako juu ya dirisha anatafuta ufa, na akiuona, chai haimshuki tena. "Ukuta ukishaonyesha ufa," alikuwa akisema, "huo ni kifusi kinachosubiri siku yake." Mnawajua watu wa aina hiyo. Wengine mmeolewa nao.

Huyu fundi alikuwa na mke mjamzito, siku zimekaribia. Na mimba hii haikuwa ya kwanza. Ile ya kwanza uchungu ulimshika nyumbani, wakampakia kwenye gari lao la zamani, na gari likawafia katikati ya mlima. Gia boksi ilikuwa imechoka, gia zinaruka, injini inanguruma na gari haliendi. Mtoto alizaliwa pale pale barabarani, hakulia. Walirudi naye amefungwa kwenye kanga. Sasa mfikirieni yule mama, anaambiwa atapanda tena gari lile lile, mlima ule ule.

Mume aliapa kwamba safari hii litafika. Akapata gia boksi nyingine nzima, kutoka kwenye gari la aina ile ile lililopata ajali, akaileta nyumbani akailaza uani juu ya gunia. Gereji ilikuwa mbali na gari halikuweza kufika huko, kwa hiyo ataifunga mwenyewe. Mtu anayejua kujenga nyumba, atashindwa na nati?

Na pale nyumbani alikuwepo kaka wa mke, shemeji yake. Huyu alikuwa mlevi, na si mlevi wa kuchekesha. Alikunywa mpaka kazi ikaenda, mke akaenda, mpaka watoto wakimwona njiani wanahama upande. Kisha akaacha. Alivyoacha anajua Mungu, lakini aliacha. Pombe ilimwachia alama moja tu, mikono inatetemeka. Akishika kikombe, kinagongana na kisahani. Dada yake alimpa chumba cha uani, na fundi akakubali kwa ajili ya mkewe, ila alikuwa anamtazama shemeji kwa macho yale yale ya kukagua ukuta.

Kazi ikaanza. Gari likapigwa jeki, likaegemezwa kwenye magogo. Sikilizeni vizuri hapa. Gia boksi haitoki mpaka uziachanishe nayo shafti mbili, ya kulia na ya kushoto, zile zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele. Shafti imevalishwa kwenye gia boksi kwa meno, na ili isiteleze ikachomoka, waliotengeneza gari wametoboa tundu na kupitisha pini. Pini yenyewe haizidi kidole cha mtoto. Gari zima, na watu waliomo, na mikungu ya ndizi waliyobeba, wote wanapanda mlima kwa sababu kitu kidogo kile hakijatoka mahali pake. Mmepanda magari miaka yote hii. Kuna aliyewahi kuishukuru pini?

Ya kushoto ilitoka bila shida. Fundi aliweka panchi, kile chuma chembamba cha kugongea, akapiga nyundo, pini ikadondokea kwenye karai la oili chafu na hata hakuitazama. Akahamia upande wa kulia. Ya kulia ikagoma.

Akapiga, ikagoma. Akaimwagia dizeli, akangoja, akapiga, ikagoma. Yuko chali, kutu inamdondokea machoni, mkono mmoja umeshika panchi na mwingine nyundo, na nafasi iliyopo pale chini inatosha kupigia inzi, haitoshi kupigia chuma. Panchi ikateleza, nyundo ikatua kwenye kidole gumba. Alisema maneno ambayo sitayarudia mahali hapa.

Shemeji akainama akachungulia. "Shemeji, ngoja nikushikie panchi, wewe upige kwa mikono miwili."

"Wewe? Kwa mikono hiyo? Nikivunja vidole vyako nitamwambia nini dada yako?"

"Vidole ni vyangu."

"Kaa pembeni, shemeji. Hapa nahitaji kitu kilichotulia."

Akakaa pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anatazama. Kutwa nzima fundi alipigana na pini. Mke akawa anatoka ndani, mkono kiunoni, anasimama kidogo, anarudi bila kuuliza chochote. Kutouliza kwake kulimuumiza mume kuliko kidole.

Kesho yake asubuhi fundi alirudi chini ya gari na pini ilikuwa pale pale alipoiacha. Mke akatoka tena, na safari hii alisema. "Mume wangu, mwache kaka ashike."

Shemeji akaingia chini. Akashika panchi kwa mikono yote miwili, akaikandamiza kwenye pini, viwiko amevibana kwenye mbavu. Mikono inatetemeka, lakini inatetemeka mahali pamoja. Fundi akaivuta nyundo.

"Kama unaogopa sema," akamwambia.

"Naogopa. Piga."

Akapiga pigo moja, la mtu anayebomoa, na pini ikatoka.

Fundi akaiokota, akaifuta kwa tambara, akaiinua kwenye mwanga. Akashtuka. Alitegemea kuona chuma kizito, kilichoshiba. Kumbe ni kibomba, ndani hakuna kitu, na ubavuni, kuanzia mwisho huu mpaka mwisho ule, kina ufa. Mnamwona mtu wetu wa kuta?

"Imepasuka," akasema. "Nimeipasua kwa nyundo."

Shemeji akaenda kwenye karai, akazamisha mkono kwenye oili, akaitoa ile ya kushoto na kuifuta. Nayo ina ufa. Akaziweka mbili kiganjani, sambamba. "Lakini hii hukuipiga sana, shemeji. Na nyufa zenyewe zimenyooka kana kwamba zimepigwa rula. Kitu kikipasuka kwa bahati mbaya kinapasuka hivi?"

"Basi zilikuwa mbovu zote mbili tangu zamani. Ndiyo maana gari hili lilituulia mtoto."

Shemeji akazilaza zile pini mbili juu ya gunia. 

Fundi akaenda kwa mchongaji wa vyuma, akachongewa pini mbili mpya. Chuma kilichojaa, laini pande zote, hakuna ufa, hakuna uwazi, zinang'aa. Akazipitishia tupa kidogo ili ziingie kwa raha, na kweli ziliingia kwa raha, hata jasho hakutoa. Akamwita mkewe aje azione zilivyokaa. Gia boksi ikafungwa, gari likawaka, akalizungusha uwanjani na gia zikawa zinaingia kwa ulaini ambao hakuwahi kuuona. Zile pini za zamani akazitupa kwenye taka. Shemeji akazifuata, akaziokota, akazitia mfuko wa shati. Aliulizwa baadaye kwa nini. Alisema aliona aibu kuviacha kwenye taka vitu vilivyoshika miaka yote ile.

Nisimame hapa niwaulize. Huyu bwana alipambana na ile pini kutwa nzima ikamshinda. Ushahidi wa uimara wake anatembea nao, kidole gumba kimevimba. Lakini alipoona ufa, ushahidi wote ukafutika akilini mwake. Hivi kweli mtu anaweza kushindwa na kitu mchana kutwa, halafu akakiita kibovu? Anaweza. Sisi tunaweza sana.

Siku ikafika. Uchungu ulianza asubuhi, ukungu bado haujaondoka mlimani. Fundi kwenye usukani, mke kiti cha nyuma, kaka yake kando amemshika mkono. Wakapanda. Mashimo, mawe, kona. Na katika mlima ule ule, karibu na mahali pale, sitasema ni pale pale kabisa maana mtasema mchungaji anatunga, injini ikanguruma na gari halikwenda. Fundi akakanyaga mafuta, ikawa kelele tu. Akavuta breki ya mkono. Kwenye kioo akamwona mkewe amefumba macho na midomo inacheza, anaomba, au anamwita yule mtoto wa kwanza, hakujua.

Akaingia chini ya gari. Shafti ya kulia imechomoka. Ile pini yake nzuri, isiyo na ufa, ilikuwa imetikiswa na mashimo ikateleza kidogo kidogo katika tundu lake, ikadondoka njiani, na nadhani mpaka leo iko huko vumbini, nzima kabisa, inang'aa. Mnaiona shida yake? Haikuvunjika, haikupinda. Mtu akiiokota atasema ni pini bora. Tatizo ni kwamba haikuwa na sababu ya kushika.

Fundi akatoka chini akakaa barabarani, na mikono yake, ile iliyojenga kuta za nusu ya kijiji, ikawa inatetemeka. Shemeji akashuka, akamwona, akatia mkono kwenye mfuko wa shati.

"Shemeji, chukua nyundo," akasema. "Mimi nitashika."

"Hiyo ina ufa."

"Ndiyo. Tuiweke na ufa wake."

Wakazuia matairi kwa mawe, wakapiga jeki, wakairudisha shafti kwenye meno yake, wakalinganisha matundu. Shemeji akaisimamisha pini mdomoni mwa tundu. Haiingii, ni pana kuliko tundu lenyewe. Fundi akaanza kupiga, taratibu, na kwa kuwa uso wake ulikuwa karibu na chuma, akauona ule ufa unajifunga. Kila pigo unapungua, pini inajikunja, inaingia kidogo. Akapiga na kupiga mpaka ikazama yote. Akaisukuma kwa panchi ajaribu, haikutikisika.

Ngojeni kidogo, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipostaajabu.

Ule ufa uliwekwa kwa makusudi. Aliyeibuni pini ile alitaka kitu kipana kuliko mahali pake, akakiachia mwanya, ili kikisukumwa kwenye tundu finyu kijikunje, na kikishaingia kitamani kujikunjua kisiweze. Kule ndani gizani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, kitu kile kitupu chenye ufa kinazisukuma kuta za tundu lake pande zote, gari likiwa limelala na gari likiwa linapanda, na kusukuma kule ndiko kushika kwenyewe. Hakina gundi, hakina nati. Kimeshika kwa sababu kimebanwa. Nilipoelezwa hivyo nilikaa kwenye benchi la gereji nikashindwa kuinuka, yule kijana wa gereji aliyekuwa akinieleza akaniletea maji akidhani presha imepanda. Nilikuwa nawaza, kama mwanadamu ameweza kubuni hili kwa kipande cha chuma, je, aliyemuumba mwanadamu huyo amebuni nini juu yetu, na sisi tunakitazama tunakiita kasoro?

Kutoka kiti cha nyuma yule mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeibana pumzi, "Kaka, mikono imetulia?"

"Haijatulia, dada. Lakini pini imeingia."

Wakafika. Mtoto alizaliwa kitandani, kwenye shuka safi, akalia mpaka mjomba wake aliyekuwa nje akasikia. Pini ya upande wa pili waliibadilisha pale pale uwanja wa hospitali, mashemeji wawili, mmoja ameshika na mmoja anapiga. Walipomaliza fundi alibaki amelala pale chini, hatoki. Akasema, "Shemeji, nisamehe nilivyokuwa nakutazama." Hayo tu.

Sasa sisi.

Wiki hii mmenijia ofisini, mmoja mmoja, mmefunga mlango, mmeshusha sauti. Mchungaji, Jumapili baada ya ibada tunamchagua kiongozi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa. Tungeomba Mama Nakijwa, anayekiongoza sasa, apumzike. Mwanawe yuko gerezani, nyumba imeingia ufa, watu wanasema, tuweke mtu asiye na maneno. Mliniambia kwa upole sana, na nililiona lile jicho, jicho la kukagua ukuta. Nimemwomba Mama Nakijwa ruhusa niyaseme haya mbele yenu. Akanijibu, "Sema, mchungaji. Wao wanayasema tayari."

Basi nauliza, wala sitaki jibu la sauti. Mzee Mrutu, uliponiita mama yako anakata roho, nilipofika nilimkuta nani ameketi kitandani anamlowanisha midomo kwa pamba? Na wewe mama uliyejifungua kabla ya wakati, sikutaji, ni nani aliyelala sakafuni pale wodini ili wewe upate kufumba macho? Wanakwaya, mwenzenu alipougua ugonjwa ule ambao ninyi mlikuwa mnaacha chakula mlangoni na kukimbia, nani aliingia ndani akamwogesha? Mmempiga kwa shida zenu miaka yote hiyo na hajatoka mahali pake. Leo mmeuona ufa, mnamwita mbovu.

Nilimwuliza anawezaje kukaa na mgonjwa namna ile, saa nyingi, bila kuchoka. Alisema, "Nikikaa nyumbani namsikia mwanangu. Nikikaa na mgonjwa, kile kinachonibana kinapata kazi ya kufanya." Alisema hivyo huku anakunja kanga, kama kitu cha kawaida. Ndugu zangu, mimi nimesoma chuo cha uchungaji, na sijawahi kusikia jambo zito namna ile.

Msije mkanielewa vibaya. Sisemi Mungu ndiye aliyemfunga yule kijana. Wala sisemi kila ufa ni mzuri, ukuta wako ukipasuka mwite fundi, usiniite mimi. Nasema kuna watu humu ndani ambao wamebanwa na hawakutoka, na usharika huu umekuwa ukipanda mlima kwa sababu yao, na sisi tumekaa kwenye viti tunatazama nje dirishani. Mlevi aliyeacha, mjane, mama wa mfungwa, yule ambaye ndoa yake ilivunjika na bado anakuja kufagia kanisa hili kila Jumamosi. Tukiwatoa hao tukaweka waliolainishwa kwa tupa, wasio na ufa na wasio na maneno, wataingia kwa raha sana. Halafu mlima utakuja.

Nimeomba pini moja pale gereji. Hii hapa. Mnaiona? Hamwezi kuiona, ni ndogo. Naanza na benchi la mbele, la wazee. Ipokee, pitisha ukucha kwenye ufa wake mwanzo hadi mwisho, chungulia ndani uone kwamba ni tupu, kisha umpe jirani yako. Usiseme kitu. Ipite mabenchi yote mpaka kule nyuma, maana Mama Nakijwa siku hizi anakaa mlangoni. Ikimfikia, abaki nayo. Halafu tutafanya uchaguzi.